Mgomba wa Majani Mapana

Mama alipofariki, sisi watoto wake tuliketi chini chumbani mwake tukagawana vikwembe vyake, yaani vitenge. Vizuri vilikwisha upesi. Chini kabisa ya sanduku kilibaki kimoja cha bluu chenye ndege wa manjano, kitambaa cha thamani, ila upande mmoja kilikuwa kimeharibika toka kiunoni hadi kwenye pindo: madoa meusi, marefu, yaliyotiririka. Mdogo wangu wa kike, ambaye huniita Yaya, yaani dada mkubwa, alikiinua kwa vidole viwili.

"Utomvu ya ndizi," akasema. "Mama naye! Nani anavaa kikwembe ya muzuri vile juu ya kukata ndizi?"

Alitaka tukifanye tambara. Nikamwambia akilete kwangu. Ninyi mliokulia kati ya Butembo na Beni mnajua kuwa utomvu ule ukishaingia kwenye nguo hautoki. Usugue kwa majivu, kwa ndimu, kwa sabuni ya mawese, nguo itachanika kwanza. Nilikinusa kikwembe na sikupata kitu ila dawa ya nondo. Wenzangu walikwenda jikoni kuwasha moto wa chai, nikabaki nacho mapajani.

Nyumba yetu ya Butembo ilitazamana na makaburi. Kati yetu na misalaba ya kwanza palikuwa na njia ya miguu tu. Wageni waliokuja mara ya kwanza waliketi wakiwa wameligeuzia dirisha mgongo, na chai yao waliinywa haraka. Sisi tulikuwa tumezoea. Kwetu makaburi yalikuwa jirani kama majirani wengine, mwenye wageni wengi na nyimbo nyingi mchana, afadhali yeye hakuja kuomba chumvi.

Mama alikuwa mshonaji, na kazi yake ilikuwa moja: alishona nguo za ndani za majeneza, yaani ile satini nyeupe inayozungushiwa mbao, pamoja na kimto kidogo cha kichwa. Aliyempa kazi alikuwa fundi Katembo, mwenye karakana barabarani, karibu na chumba cha maiti cha hospitali. Katembo aliyasimamisha majeneza yake nje ukutani, makubwa nyuma na madogo mbele, kama watoto wa shule waliopangwa kupigwa picha. Alikuwa mtu wa mzaha. Akipita mtu mrefu alimsalimia vizuri, kisha akampima kwa macho toka kisigino hadi utosi, na wengine walicheka na wengine waliongeza mwendo.

Kwa hiyo nilikuwa mtoto mwenye ujuzi wa ajabu. Nilijua kuwa mbao za mkaratusi hupasuka zikikauka na kwamba verni ya kung'arisha hupakwa ili kuficha hilo. Nilijua kwaya ya Wakatoliki na kwaya ya Waprotestanti kwa kusikia hatua zao tu, kabla hawajafungua mdomo. Jeneza likija limelazwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wanaume wanalisukuma na mwingine analishika lisiteleze, nilijua kuwa petroli imekwisha tena mjini. Kitu nilichokuwa sikijui ni kufa kwenyewe. Nilidhani ni shughuli ya watu wa chumba cha maiti, kama vile kuvua samaki ni shughuli ya watu wa ziwani.

Vilikuwa vile vita ambavyo hata watu wazima walishindwa kutueleza nani anapigana na nani. Askari walibadilika, kofia zilibadilika, Kilingala cha kwenye bariera, vizuizi vyao vya barabarani, kilibaki kile kile. Baba alikuwa mchuuzi na hakuwa na njia ya kuviepuka. Alipakia sabuni, chumvi na vikwembe, akashuka Beni, akafika Mabalako alikozaliwa, mara nyingine akavuka Mavivi kwenda mbele zaidi, kisha akarudi na mawese na mchele. Hakuwa na tabia ya kutaja tarehe. Kurudi kwake alikupimia shambani.

"Maharage ikitoka maua, niko hapa," alisema akifunga mzigo. Au, "Mahindi ikiota ndevu, mutaniona."

Na kweli tulimwona. Kazi ya kuyachunguza maharage nyuma ya jiko ilikuwa yangu, na ua la kwanza lilipotokea nilianza kuoga jioni bila kuambiwa, kwa sababu Baba hakupenda kukumbatia mtoto mchafu. Wakati mwingine maua yalimtangulia kidogo, wakati mwingine yeye ndiye aliyeyatangulia, lakini hawakuwahi kupoteana. Safari mbili kabla ya ile ya mwisho alimletea Mama kile kikwembe cha ndege wa manjano. Mama alikivaa mara moja, siku Baba aliporudi tena, akakikunja akakiweka.

Safari ya mwisho alisema viazi. Tulichimba viazi, tukavila, tukapanda vingine. Mama alikuwa na mimba ya huyu mdogo wangu. Wachuuzi wenzake walirudi mmoja mmoja, miguu mitupu, na kila mmoja na habari yake. Wa kwanza alisema walitawanyika kwenye bariera mbele ya Mavivi risasi zilipoanza kulia. Mwingine alisema Baba alikamatwa abebe masanduku ya askari. Mwingine tena alisema alimwona kwa mgongo tu akiingia msituni, na huenda hakuwa yeye. Hakuna aliyemwona amelala chini. Mama aliwapa chai, akawasikiliza hadi mwisho, akarudi kwenye cherehani yake. Jioni alipakua chakula cha Baba kwenye sahani yake ya bati yenye ua jekundu, akaifunika, akaiweka juu ya kabati. Asubuhi chakula kile tulikila sisi watoto kikiwa baridi. Nilikipenda, maana Baba alikuwa anapakuliwa nyama kubwa.

Halafu akaja Koko, mama yake Baba. Alikuwa amekimbia Mabalako pamoja na kijiji chake, kichwani sufuria na blanketi. Kabla ya kutua mzigo aliuliza:

"Mulimuzika wapi?"

"Mama, hatuyamuona," Mama akamjibu. "Hapana mutu mwenye alimuona amekufa."

"Angekuwa muzima angekuya."

"Njia inafungwa, Mama. Pengine iko nangoya njia ifunguke."

Koko akatua sufuria. "Miye nilimuzaa," akasema. "Ile mutoto hapana kulala inje bila kutuma habari."

Toka siku ile wanawake hao wawili, ambao walipendana, walianza kugombana. Waligombana kwa adabu, wakipeana viti na kukaribishana chai, na ilichukua muda kabla sijajua kuwa ni ugomvi. Koko alitaka kulia. Kwao mtu asiye na kaburi haliliwi. Kilio kinabaki kooni mwa mama yake hadi naye anakufa nacho. Na kwa mtu aliyepotea njiani dawa ilijulikana: unakata shina la mgomba, unalivisha nguo yake, unaliombolezea, unalifukia. Baada ya hapo watu wananyoa nywele, siku ya kuondoa kilio wanakunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, na mambo yanaisha.

"Miye niko muzee," Koko alisema. "Nikufe, nani atamuzika? Atabaki mu pori kama nyama."

"Na akirudi, anikute nilishamuzika?" Mama akauliza.

Makaburi yetu nayo Koko hakuyapenda. Kwao mtu alizikwa nyuma ya nyumba, ndani ya ndizi zake. Alisimama dirishani akatazama ile misalaba iliyojipanga. "Hapa munapanda batu kama vitunguu," akasema, "mustari kwa mustari." Nami nilikuwa pale pale chini ya kiwiko chake, nikasikia.

Mapatano yao yalifanyika jikoni nikiwa natoa maharage kwenye maganda. Mama hakuacha kukoroga bugali.

"Bon," akasema. "Uzike mugomba yako. Mais lakini miye hapana nalia, na hapana nanyoa. Kwa kichwa ya kaburi tutapanda ingine, ya muzima, na muzizi yake. Ile ikizaa, Papa Masika ataisha fika. Kama hayafika, siku ya kukata mukungu nitalia mbele ya batu bote."

Koko alifikiri. "Nani atachagua mbegu?"

"Miye."

"Uchague."

Papa Masika ni Baba, na Masika ni mimi, kama ilivyo kwa nusu ya wasichana waliozaliwa wa kwanza katika nyumba za Wanande. Nilisikia kila neno, na nililielewa kwa akili niliyokuwa nayo. Maharage yakitoa maua, Baba anafika. Mahindi yakiota ndevu, anafika. Sasa ni mgomba ukizaa. Hata kumpanda sikuona ajabu; Koko mwenyewe alikuwa amesema kuwa hapa watu wanapandwa, na sijawahi kuona mtu wa kwetu akipanda kitu bila kukingojea. Sehemu ya kulia niliisikia pia, lakini ilikuwa habari yao watu wazima.

Mama alikwenda kuchagua chipukizi kwa jirani mwenye ndizi, nikamfuata. Palikuwa na machipukizi mengi yenye majani membamba yaliyochongoka, magumu, na jirani alikuwa tayari ameshika moja kwa jembe. Mama aliyapita. Aliinama pembeni akachagua dogo lenye majani mapana, laini, zuri la kuchorwa kwenye karatasi.

"Mama Masika," jirani akasema, "ile?"

"Ile."

Nyumbani Koko alilishika jani kati ya vidole vyake, akamtazama Mama usoni kitambo. Kisha akaliachia.

Fundi Katembo alitengeneza jeneza, na siku hiyo hakumpima mtu yeyote kwa macho. Mama aliishona satini vizuri kama alivyowashonea watu wote, na kimto pia. Shina la mgomba lilivishwa koti la kahawia la Baba la Jumapili na vifungo vikafungwa. Mwalimu wa dini, katekista wetu, alikuja akachungulia ndani ya jeneza, akavua miwani.

"Koko," akasema, "kanisa hapana inazika mugomba."

"Basi ufunge macho."

"Donc... kuombea batu benye kulia, ile naweza."

Akaomba, akiwa amesimama hatua kadhaa kutoka kwenye jeneza ili isije ikasemwa kuwa kanisa limezika mgomba. Koko alilia mpaka akalala chini kwenye udongo mwekundu, na wanawake wa Mabalako waliokimbia naye wakalia pamoja naye, kila mmoja kwa ajili ya wake. Mama alisimama wima na tumbo lake kubwa, macho makavu, akanishika mkono. Nyuma yetu majirani walinong'ona kuwa mwanamke yule ana roho ya jiwe. Mimi nilikuwa na furaha. Kichwani mwa kaburi palikuwa pameshapandwa kale kachipukizi, na niliona kazi imeanza vizuri.

Nikawa mkulima. Kila asubuhi kabla ya shule nilivuka njia na kopo la maji. Nililetea mgomba wangu majivu ya jikoni, maganda ya viazi, samadi ya mbuzi niliyoikusanya kwa mikono. Nilipoona haukui nilikasirika, kisha nikauhurumia. Butembo kuna baridi na ukungu, na ndizi si mmea wenye haraka kule kwetu. Lakini huu ulikuwa mvivu kupita wenzake. Mdogo wangu alizaliwa, akakaa, akaanza kutambaa, na mgomba ulikuwa bado chini ya bega langu. Watu waliokuja kuzika wapendwa wao waliniona na kopo langu, wakadhani ni mtoto anayetunza kaburi la baba yake. Wengine walinipa pipi.

Mama hakuwahi kunisaidia. Alishona mbele ya dirisha, na kila nilipovuka na maji cherehani ilinyamaza, kisha ikaendelea. Kiangazi kilipokuja alilichukua kopo akaanza kuweka ndani yake vifungo. Nikatafuta jingine. Mara moja mji ulipolia risasi tulikimbilia kwa ndugu zake Mama huko Luofu. Tuliporudi, Mama alikwenda moja kwa moja mlangoni, akaukagua, akawauliza majirani kama kuna mtu aliyekuja kubisha hodi. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye mgomba. Ulikuwa umenipita kichwa.

Lakini ulikuwa umezungukwa na watoto, machipukizi mengi yaliyosongamana. Nilimuuliza fundi Katembo dawa ya mgomba usiozaa.

"Utoe batoto yake," akanijibu, randa mkononi. "Mama wa batoto mingi anapata nguvu wapi? Ubakize moja tu."

Nilichukua panga la jikoni nikayaondoa machipukizi, nikabakiza moja. Nilikuwa nayapanga vizuri kando ya kaburi wakati kivuli cha Mama kiliponiangukia.

"Nani alikutuma?"

Nikasema hakuna.

"Nani alikutuma kukata?"

Alinipiga. Mama hakuwa mtu wa kupiga. Alinipiga kofi moja, akaonekana kushangaa mwenyewe, akaniacha pale akarudi ndani. Koko alikuwa mlangoni na aliona yote. Nililia, kisha nikaacha kulia nikafikiri, na nilipofikiri mambo yote yakalingana: kopo la vifungo, mkono ambao haukuwahi kumwaga tone la maji, macho makavu siku ya kupanda. Mama hakutaka Baba arudi. Nililibeba jambo hilo moyoni peke yangu, na nilimchukia kimya kimya, kwa kadiri mtoto anayepikiwa na mtu anavyoweza kumchukia.

Mgomba ukapata nguvu. Siku moja lilitoka jani dogo kuliko mengine, na baada yake likachungulia ua, zambarau, zito, limeinamisha kichwa. Nilikimbia hadi chumbani.

"Mama! Imetoka!"

Alikuwa anakunja mshono wa kimto. "Niliona," akasema.

"Koko, imetoka!"

Koko aliweka mkono juu ya kichwa changu akauacha hapo, mzito. Mimi niliwaona kuwa watu wasiojua kushukuru.

Ndizi zilijitokeza, zikageuka kuangalia juu, zikaanza kunenepa. Nami nikaanza kujiandaa kama zamani: nikaoga bila kuambiwa, nikavaa gauni langu la kanisani, nikaenda kuketi kwenye jiwe mahali njia yetu inapokutana na barabara ya Beni. Nilikaa hapo kila nilipotoka shule. Nilitazama wanaume waliobeba mizigo, nikianza na miguu, kwa sababu mwendo wa Baba niliujua. Nyumbani pia kulikuwa na mabadiliko ambayo niliyaona bila kuyapa maana. Mama alikuwa amekitoa sandukuni kile kikwembe cha ndege wa manjano, na sasa alikivaa siku za kazi, akashona satini za watu akiwa amekivaa.

Ndizi zilijaa. Zilifika wakati wa kukatwa, ukapita. Jirani aliyetupa mbegu alimwambia Mama kwa upole kuwa mkungu unaharibika; Mama akasema ndiyo, ameona. Ya juu kabisa ikawa ya manjano, ndege wakaanza kuidonoa. Koko, aliyekuwa na haki ya kudai, hakudai. Alikaa juani akimenya viazi, na hakutazama upande ule.

Alasiri moja mvua ilinikuta kwenye jiwe. Sikuondoka, kwa sababu Baba angeweza kupita wakati huo huo na asijue kuwa nilimngoja. Gauni lilikuwa limenigandama mwilini nilipomwona Mama anakuja na gunia kichwani, ananitafuta. Alisimama mbele yangu.

"Juu ya nini unakaa apa na mvua?"

"Niko nangoya Papa."

"Papa gani?"

"Papa. Ulisemaka mugomba ikizaa, ataisha fika." Na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kubeba peke yangu, nikaongeza, "We hapana unataka arudi. Miye nilimwangilia maji. Miye nataka."

Mama aliinama. Alinifunika na lile gunia, akanishika mkono, tukarudi nyumbani taratibu katikati ya mvua kana kwamba ni jua. Aliniketisha karibu na moto kando ya Koko. Kisha akachukua panga juu ya kabati, pembeni ya sahani ya Baba, akatoka. Nilimfuata hadi mlangoni.

Alivuka njia. Hakubadilisha nguo. Alilipiga shina mara kadhaa, na lilipoanza kulala aliupokea mkungu kiunoni mwake asiuache uanguke, na utomvu ukamtiririkia toka kiunoni hadi chini. Nikapiga kelele.

"Bado hayafika! Mama, usikate, bado hayafika!"

Alirudi amekumbatia mkungu ule kama mtu aliyebeba mgonjwa. Aliulaza kizingitini, akapiga magoti matopeni ili macho yake yawe sawa na yangu.

"Hatafika, Masika," akasema. "Papa alikufa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Halafu akasikia alichokisema. Akaita jina la Baba, jina lake la nyumbani ambalo sisi watoto hatukuwahi kulitaja, akalia, na majirani walioona kuwa ana roho ya jiwe wakatoka kwenye nyumba zao kwenye mvua ile ile. Hapo ndipo nilipojua kufa ni nini.

Koko alimnyoa yeye mwenyewe, kwa wembe mpya, polepole, akimfuta povu masikioni. Nilikuwa nimejikunyata pembeni.

"Usimukasirikie mama yako," Koko aliniambia, akiendelea kunyoa. "Mugomba ya majani nyembamba inazaa mbio. Ya majani mapana inakawia, ingine hapana inazaa hata. Kila mulimaji anajua. Yeye alichagua ya mapana."

"Na we ulijua, Mama?" Mama akauliza, kichwa ameinamisha.

"Nilijua siku ile ile."

"Juu ya nini ulinyamaza?"

Wembe ulisimama. "Na miye nilitaka ikawie," Koko akasema.

Ndizi zile tulizifukia ziive, zikakamuliwa, na kasiksi yake ilinywewa na mtaa mzima. Fundi Katembo alikunywa akalia kuliko wanawake. Katekista alisema yeye hanywi, kisha akanywa. Chache Mama alizitoa pembeni akazipika zikiwa mbichi, jioni ile ile aliyonyolewa, na nilipofungua mikono kupokea chakula changu nilikuta amenipakulia kwenye sahani ya bati yenye ua jekundu. Nilimtazama kuona kama amekosea.

"Kula," akasema.

Nilikula. Toka siku hiyo juu ya kabati hapakuwekwa kitu.

Mdogo wangu alirudi chumbani na vikombe viwili vya chai, akakikuta kikwembe bado mapajani mwangu. Yeye alizaliwa Baba akiwa hayupo, na hajawahi kuwa na mtu wa kumngojea barabarani. Alinipa kikombe, akaketi, akavuta pindo lenye madoa akalikagua tena.

"Mais kweli, Yaya," akasema, "ni juu ya nini alivaa ya muzuri ile siku?"

"Hapana alivaa juu ya ndizi," nikamjibu. "Tulikuwa tunamungoya Papa. Miye na yeye."